Nembo Yenye Dele la Kahawa

Binamu yangu Mwanaesha ni mshona kofia, na tangu nimjue hajapata kushona jicho. Maua atakushonea, nyota atakushonea, mawimbi, majani, chochote kile kisichopumua. Mletee ndege au samaki, atakurudishia kitambaa chako kwa adabu na kukuelekeza kwa fundi mwingine. Kofia ni ya kuswalia, husema, na mtu hawezi kusujudu huku ana kuku kichwani. Akisema hivyo hacheki, na hilo si jambo dogo, kwa sababu mambo mengine yote ya dunia humchekesha.

Kicheko chake kinajulikana Mji wa Kale kuliko hata kofia zake. Huanza kimya kimya, mabega yakitikisika na ncha ya leso kinywani, kisha humponyoka mpaka wapita njia wakasimama. Alipata kutolewa matangani kwa ajili ya kicheko hicho, pale maalim mmoja alipopiga chafya katikati ya dua na meno yake ya bandia yakaangukia kwenye sinia ya kashata. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye. Nilimfinya, nikamfinya tena, mwisho tukatolewa wote wawili.

Tunaishi nyumba moja, ya babu yetu: yeye juu na sindano zake, mimi Zakiya chini na jiko langu la makaa. Jioni nachoma mishikaki mlangoni. Yeye ni mjane, mimi nimeachika, na katika sisi wawili yeye ndiye aliyekuwa akiposwa. Alikwishapita hamsini, lakini ana uso wa duara uliokataa kuzeeka, na wanaume walikuja. Akawacheka. Hakukusudia ubaya. Mtu alikuwa akikaa mbele ya kaka yake Kamaludin, ambaye ni mwalimu wa madrasa na ndiye walii wake wa kumwozesha, akianza maneno yake ya heshima, na kule nyuma ya pazia mabega yanaanza kutikisika. Aidarus muuza udi alijitahidi kuliko wote. Alifika mpaka kwenye mahari, kisha pazia likacheka, naye akachukua viatu vyake mkononi akaenda bila hata kuvivaa.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikimnyamazisha Mwanaesha, nacho ni kibuyu. Tulipokuwa wadogo kilionekana mlangoni petu kibuyu chenye shanga nyekundu na simbi, zile kauri ndogo za ufuoni, kimeachwa na mtu asiyejulikana. Sisi hapa kibuyu chenye shanga twajua ni cha nani. Ni cha mganga, na hakiji mlangoni kwa heri. Bibi yetu alituhamisha nyumba nzima tukalale Bondeni kwa jamaa, akasomesha dua, akafukiza, na Mwanaesha akashikwa na homa juu ya hofu. Mpaka leo akiona kibuyu, hata kile cha kuuziwa watalii, huvuka barabara.

Sasa ndipo akatokea Galgalo.

Alikuja kutoka kaunti moja ya kaskazini, ambayo siitaji, maana wakubwa wake wako hai na wana mawakili. Alikuwa mtumishi wa ofisi, wa kufuatilia mizigo yao bandarini, na kwa hiyo alikuwa akishuka kituo cha mabasi cha Mwembe Tayari kila baada ya muda, na vumbi lake. Wakubwa zake walikuwa wamealikwa kwenye sherehe ya utamaduni hapa Mombasa, wakaamua kiongozi wa msafara avae kofia ya mkono ya Mombasa, tena yenye nembo ya kaunti yao. Galgalo akaambiwa amtafute fundi. Akauliza, akaelekezwa kwetu.

Alikuwa mrefu hata akalazimika kuinama mlangoni, mwembamba, na ndevu fupi zenye mvi zilizokaa vizuri. Hayo ya ndevu niliyaona mimi. Mwanaesha alidai hakuona kitu.

"Hodi, mama," akasema kwa Kiswahili chake cha bara.

"Mama wa nani?" nikamjibu, maana mimi sina subira, na mtu mwenye mvi haniiti mama mlangoni kwangu. "Hapa kuna Bi Zakiya, na huko juu kuna Bi Mwanaesha."

"Samahani, mama," akasema.

Mwanaesha akateremka ngazi akiwa amejitanda leso. Akaambiwa shida, akauliza nembo yenyewe iko wapi. Galgalo akatoa simu. Picha iliyokuwamo ilikuwa ndogo kama ukucha, na ukiikuza yageuka ukungu mtupu. Basi akajigusa kifuani. Alikuwa amevaa shati la ofisi, na juu ya mfuko ilidariziwa nembo, nzuri, kila kitu chaonekana.

"Iko hapa," akasema.

Mwanaesha akavaa miwani. Akasogea. Akakumbuka kuwa hicho ni kifua cha mwanamume, akarudi nyuma. Akasogea tena.

"Nivue?" akauliza Galgalo.

"Usivue!" tukasema sote wawili kwa pamoja, na mshikaki mmoja ukaniangukia kwenye majivu.

Akasimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa, akaanza kueleza kwa kidole. "Huyu ngamia ndiye maisha yetu, maziwa na safari na mahari, yote ni yeye. Huu mlima ndio unaotuvutia mvua. Hii mikuki miwili imepishana na ncha zake zimeangalia chini. Maana yake vita vimekwisha, watu wakae."

"Na hicho cha katikati?" akauliza Mwanaesha.

Hapo Galgalo akakwama. Kidole kikabaki hewani. Uso ukamwiva, nami sikujua mtu wa rangi ile aweza kuiva uso hivyo, kisha akaufunika mfuko wake kwa kiganja kama mtu anayeficha kitu.

"Hicho ni kibuyu," akasema taratibu. "Hicho nitakueleza siku nyingine, mama. Si cha kusemwa mbele ya watu."

Alipokwisha kwenda, Mwanaesha alikuwa bado amesimama palepale na miwani yake.

"Wamsikia, Zakiya? Si cha kusemwa mbele ya watu!"

"Nimemsikia."

"Kina shanga na simbi! Nimeziona kwa mato yangu! Serikali nzima ina kibuyu cha mganga kwenye nembo!"

"Pengine ndivyo wanavyoshinda uchaguzi," nikasema.

Nilidhani atacheka. Hakucheka.

Kesho yake Galgalo akaja amevaa shati jingine, na lile la nembo amelikunja, limefuliwa na kupigwa pasi, akaliacha kwa fundi ili alinakili kwa nafasi yake. Mwanaesha akalitundika dirishani ili apate mwanga. Basi mtaa mzima ukaona shati la mwanamume linapepea dirishani kwa Mwanaesha, na kabla ya adhuhuri Kamaludin alikuwa amekwisha fika, kilemba kimemkaa upande.

"Hilo shati ni la nani?" akauliza kaka mtu.

"La kaunti," akajibu Mwanaesha, na kile kicheko kikamponyoka.

Kamaludin alitazama dari kwa muda, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

Kofia ya mkono si kazi ya kukimbiza. Huchorwa kwanza kwa penseli kwenye kitambaa cheupe, kisha sindano hupita juu ya mstari, tundu baada ya tundu, na kofia nzuri hula miezi. Katika miezi hiyo nilimwona binamu yangu akihangaika na nembo ile kwa namna ambayo ingekuvunja mbavu. Ngamia ni kiumbe, hashoneki. Akamkata shingo, akabaki na miguu. Miguu nayo ikaonekana kama inatembea yenyewe. Akaiondoa. Kilichobaki ni nundu. Akaishona nundu peke yake, kwa hariri ya dhahabu, nzuri kabisa, pembeni ya mlima. Na ukitazama waona milima miwili, mkubwa na mdogo, kama mama na mwanawe.

Mikuki akaishona. Lakini Mwanaesha hajapata kuuona mkuki karibu, na vitu virefu vyenye ncha anavyoviona kila jioni ya maisha yake ni vijiti vyangu. Akaitia vinundu vinundu vya nakshi, mpaka mtu yeyote mwenye njaa angejua ile ni mishikaki.

Kibuyu ndicho kilichomshinda.

"Sishoni uganga," akasema. "Mtu atakitia kichwani kisha aswali nacho? Siwezi, Zakiya."

"Basi tia kitu kingine chenye tumbo."

"Kama nini?"

Pale mezani palikuwa na dele la marehemu mumewe, lile birika la shaba la kahawa lenye mdomo mrefu, ambalo Mwanaesha hulipasha moto kila mgeni akiingia. Nikalinyooshea kidole. Akalitazama, akanitazama mimi, na mabega yakaanza. Tulicheka mpaka tukakaa chini sakafuni. Kisha akashika penseli akalichora, na likakaa mahali pa kibuyu kana kwamba nembo ile ilikuwa ikilingoja. Milima miwili, mishikaki imepishana, dele la kahawa katikati. Nikamwambia hiyo si kaunti tena, hiyo ni hoteli ya Bondeni.

Wakati huo wote Galgalo alikuwa akija. Mizigo ya bandarini ilizidi, sijui kwa nini, kila mwezi kaunti ile ilikuwa na jambo Mombasa. Akija, hukaa kwenye baraza la nje na kikombe cha kahawa kutoka dele lile lile, naye Mwanaesha hukaa ndani ya kizingiti, na mlango wazi, na mimi katikati na moshi wangu, kwa ajili ya heshima. Mkewe alikufa kwa maradhi, miaka mingi nyuma. Watoto wake wakubwa. Hula mishikaki polepole na husema ahsante kwa kila kijiti, jambo ambalo wanaume wa hapa hawajafundishwa. Siku moja Mwanaesha alimwambia, "Usiniite mama. Mimi naitwa Mwanaesha." Galgalo akajaribu. Jina likamtoka kwa taabu, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyebeba bilauri iliyojaa.

Mwanaesha hakucheka.

Mimi nikajua. Tangu lini mtu wa bara akalitaja jina lake kwa mtindo ule na pazia lisitikisike? Na dalili nyingine zilikuwa tele: asumini nyweleni siku za katikati ya wiki, wali kuungua, sindano kutafutwa kumbe imechomekwa kifuani. Nikambana jikoni.

"Nambia kweli."

"Kweli nini?"

"Mwanaesha!"

Akakaa juu ya kinu. "Namtaka," akasema, wazi kama hivyo, akafunika uso. Kisha akaufunua. "Namtaka, Zakiya, na namwogopa. Nikimtazama nataka kuimba. Nikikumbuka kile kibuyu roho yanipaa. Mtu mzuri namna ile, mbona ana siri na uganga? Kofia ikisha hana sababu tena ya kuya hapa. Akienda ndio kwaheri."

Nilitaka kumtania, nikashindwa. Nilimwona ana hofu kweli, naye ni mtu ambaye maisha yake yote amecheka.

Kofia ikaisha. Ikakunjwa katika karatasi nyeupe na kufungwa uzi. Galgalo akapigiwa simu, akasema atafika alasiri na jioni atarudi na basi. Mwanaesha akaoga mara mbili. Kamaludin naye alikuwapo, amekaa barazani akisoma, kwa sababu alikwisha sikia maneno ya mtaa na alitaka kumwona huyo mwenye shati. Na Taib alikuwapo, mzee wa Bondeni aliyestaafu kuendesha malori, mteja wangu wa kila siku, ambaye huanza kula kabla sijawasha moto.

Galgalo akatokea kwenye uchochoro. Kanzu mpya, viatu vinang'aa, na kitu kikubwa mikononi kilichofunikwa kitambaa. Alitembea kama amebeba mtoto mchanga. Akafika, akasalimu kila mtu, akainua uso kwenye dirisha la juu alikokuwa Mwanaesha, akafunua kitambaa.

Kibuyu. Kikubwa, cheusi kwa moshi, shingo imefungwa ngozi, tumbo limezungushwa shanga nyekundu na simbi tele zinazotikisika.

Sijui kelele za Mwanaesha zilifika Feri au ziliishia Bondeni, lakini paka wote wa uchochoro walikimbia. Kamaludin akasimama akaanza Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya juu. Mimi nikashika kijiti cha moto, nyama ikiwamo, nikakielekeza kifuani kwa Galgalo. Majirani wakatoa vichwa madirishani.

"Kirudishe!" akapiga ukelele Mwanaesha kutoka juu. "Kirudishe ulikokitoa!"

Galgalo alisimama. Nilimtazama uso, na hata kwa hasira zangu niliona kitu kikimzimika. Akakifunika kile kibuyu taratibu, akakunja kila pembe ya kitambaa.

"Nimeelewa," akasema. "Samahani kwa usumbufu, Bi Zakiya."

Ndiyo mara ya kwanza aliponiita kwa jina. Nikampa kofia yake ndani ya karatasi, kwa mkono mmoja, kijiti bado nimeshika kwa mwingine. Hakuifungua. Akaishika mkononi, akainama chini ya kamba za nguo, akapotea.

Kamaludin alimaliza aya yake. Hapo tukasikia mtu anatafuna, na kutafuna kukakatika, na Taib akaanza kucheka. Alicheka akigonga goti, na machozi yakimtoka.

"Wacheka nini wewe?" nikamkemea.

"Mumemfukuza bwana harusi!" akasema Taib.

"Nani bwana harusi?"

"Nyinyi watu wa kisiwa nyinyi! Nimeendesha lori kule miaka na miaka, nimelala manyumbani kwao. Kibuyu kile ni cha maziwa! Husukwa shanga na mama mtu, kikawekwa. Mwanawe akimpata mwanamke amtakaye, hukijaza maziwa akakipeleka mlangoni mwenyewe, mbele ya watu, hana la kusema. Mwanamke akinywa, wazee wataanza maneno. Akisema kirudishe, basi yamekwisha, mwanamume hafungui tena mdomo. Na nyinyi mumesema neno lilo hilo! Kirudishe! Mumemwambia kwa lugha yake!"

Nilitazama juu. Dirisha lilikuwa tupu. Kisha nikasikia ngazi zinapigwa, na Mwanaesha akatokea chini, buibui limemkaa kinyume, kiatu mguu mmoja na mguu wa pili kandambili ya bafuni.

"Kumbe ndiyo sababu," akasema. "Si cha kusemwa mbele ya watu. Alikuwa akiona haya! Alikuwa akiona haya, Zakiya, na mimi..." Akamgeukia kaka yake. "Kaka Kamaludin, nimewacheka wanaume wote ulioniletea. Huyu sikumcheka. Nipeleke Mwembe Tayari."

Kamaludin alimtazama dada yake, akatazama kandambili, akafunga kitabu.

"Tuktuk!" akaita.

Tulipanda watatu nyuma, na Taib akajibana mbele na dereva, mshikaki mkononi, akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyataka. Njiani Mwanaesha alikuwa akimwomba Mungu kwa sauti na kuniuliza kama uso wake umekaa sawa, yote katika pumzi moja. Mimi nikagundua bado nimeshika kijiti changu, moto umezima, nyama ipo. Kamaludin akakitazama, akakichukua, akala.

Mwembe Tayari palikuwa kama panavyokuwa jioni: wauza korosho, wauza maji, mabegi yanarushwa, basi linanguruma na utingo anapiga bodi kwa kiganja. Mwanaesha akapita katikati ya yote hayo akiburura kandambili.

Tukamkuta Galgalo amekaa juu ya jiwe kando ya basi. Karatasi imefunguliwa magotini. Alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili, akiitazama, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Mwanaesha akasimama ghafla. Akadhani analia. Nami nikadhani hivyo.

Akainua uso. Alikuwa anacheka. Machozi yanamtoka na anacheka, hana sauti, kama Mwanaesha anapoanza.

"Ngamia wangu yuko wapi?" akauliza.

"Ile ni nundu yake," akasema Mwanaesha, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwenyewe yuko nyuma ya mlima."

"Na hii?"

"Mikuki."

"Mikuki hii ina nyama." Akafuta macho. "Na hapa katikati, mbona kuna birika?"

"Niliogopa kibuyu. Kwetu sisi kibuyu ni cha mganga. Wallahi sikujua. Nilikwambia ukirudishe kwa sababu sikujua ni nini."

Kicheko kilimtoka Galgalo usoni, kikaacha kitu kingine, na watu waliokuwa karibu nasi wakaacha kugombania mabegi.

"Na birika maana yake nini?" akauliza.

Mwanaesha akainamisha kichwa. "Kwetu ndilo tunalolipasha moto ili mtu asiondoke."

"Basi umelishona sawa," akasema Galgalo. "Ni kitu kile kile."

"Kibuyu kiko wapi?" akauliza Mwanaesha.

Kilikuwa ndani ya buti la basi, chini ya magunia ya watu. Utingo, kijana wa Kigiriama aitwaye Ngumbao, akasema buti limekwisha fungwa na basi linaondoka. Mimi sina subira, nimekwisha sema. Nilimweleza Ngumbao mambo mawili matatu kuhusu maisha yake ya baadaye, na Taib akamweleza kisa chote kuanzia mwanzo, na Ngumbao aliposikia neno posa akafungua buti kwa mbio na kuanza kutoa magunia mwenyewe. Abiria wakashuka. Dereva akazima injini akashuka naye.

Kibuyu kikaletwa. Mwanaesha akakitazama. Akanyoosha kidole akagusa simbi moja, kisha ya pili.

"Hizi ni za kwetu," akasema. "Zatoka ufuoni."

"Mama yangu alizipata kwa mchuuzi, nami sijazaliwa," akasema Galgalo. "Sijui zilifikaje kule juu. Nimezirudisha nyumbani."

Mwanaesha akafunga macho, akasema bismillahi, akanywa. Yalikuwa maziwa ya ngamia yaliyochacha, yenye moshi, na yalikuwa yamesafiri usiku kucha. Uso wake ulikunjamana wote, pua na nyusi zikakutana. Lakini hakutema. Akanywa tena, mikupuo mirefu, na alipokishusha alikuwa na masharubu meupe kama mzee wa msikiti. Kituo kizima kilikuwa kinamtazama. Akamtazama Galgalo, Galgalo akamtazama yeye na masharubu yake, na kile kicheko cha Mwanaesha kikamponyoka chote, safari hii hakikuwa nyuma ya pazia. Mimi nikapiga vigelegele. Wauza maji wakaitikia, Ngumbao akaanza kupiga bodi la basi kama ngoma, na mama mmoja asiyetujua akanikumbatia akalia.

Kamaludin akakohoa.

"Bwana Galgalo," akasema, kwa ile sauti yake ya darasani. "Posa haifanywi kituo cha mabasi. Rudi kwenu, ukalete wazee wako, uye nao nyumbani. Mimi ndimi nitakayekuwa mlangoni." Kisha akaongeza, akiwa ameangalia pembeni, "Na lile shati tutakuwekea."

Wazee walikuja, na harusi ilifanyika, na hayo yana kisa chake. Kofia ile wakubwa wake waliikataa. Waliuliza birika linafanya nini katikati ya nembo ya kaunti, na Galgalo akawajibu kwamba fundi alikosea, akaitia mfukoni kwa haraka kabla hawajabadili mawazo. Siku ya sherehe kiongozi wa msafara alivaa kofia ya dukani.

Sasa Galgalo amestaafu, anaishi huko juu na Mwanaesha. Kibuyu kimewekwa dirishani, mahali pale pale lilipotundikwa shati, na watoto wa mtaa wamekwisha kukizoea. Kila Ijumaa Galgalo huinama mlangoni kwangu akielekea msikitini, kofia kichwani, milima miwili na mishikaki na dele la kahawa. Watu humsimamisha. Wiki iliyopita mgeni mmoja alimwuliza, "Mzee, hiyo ni nembo ya kaunti gani?"

"Hii si ya kaunti," akasema Galgalo, akaitengeneza vizuri kichwani. "Hii ni ya nyumbani kwangu."

Huko juu dirishani nilisikia mtu anaanza kucheka. Nami nikageuza mishikaki yangu, kwa sababu nimo kwenye nembo.